Kamba Iliyopungua

Kamba mbili zilikuwa zimelazwa sambamba nyuma ya ofisi ya upelelezi, Kibaha, kuanzia kwenye tenki la maji hadi geti la nyuma, zikakunjwa hapo na kurudi zilikotoka. Inspekta Stellamaris Ngonyani alikuwa amepiga magoti kati yake, viatu amevivua, sketi imejaa vumbi. Askari waliopita na vikombe vya chai walimpisha bila kumuuliza kitu. Kesi ile wenzake walikwisha kuimaliza vichwani siku ileile iliyofunguliwa, na mtu anayeendelea kukuna kichwa wakati wenzake wameshanawa mikono hana wa kuzungumza naye.

Kesi yenyewe ilisimulika kwa maneno machache. Castory Byabato, fundi wa maabara katika sekondari moja ya hapo mjini, alianguka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa huko Kisarawe. Ndiye aliyeanzisha Klabu ya Wapanda Miamba, jina ambalo watu wa Kisarawe waliliona refu wakawaita tu vijana wa kamba. Siku hiyo aliyekuwa chini akimshikia kamba alikuwa Shamsia Pazi, mwalimu wa chekechea. Castory alipanda ukuta mkubwa hadi juu, akaipitisha kamba kwenye pete ya chuma iliyopigiliwa mwambani, kisha akamwambia Shamsia amteremshe. Kabla miguu yake haijafika kwenye mawe, ncha ya kamba ilichomoka kwenye breki, kile chuma cha kuizuia kamba kilichokuwa kiunoni mwa Shamsia, ikapanda ukuta yenyewe, na mtu akashuka bila kamba. Mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni alieleza kwamba asubuhi hiyo aliwasikia wakigombana, na binti akitamka wazi kuwa siku moja atamwachia aanguke.

Afande Mashaka, mkuu wake, hakuona haja ya kuongeza kitu hapo. Alitaka jalada liende kwa waendesha mashtaka kabla ya jioni ya leo, kosa likiwa mauaji. Mauaji hayana dhamana. Shamsia angehamishiwa mahabusu ya gereza na kukaa huko mpaka Mungu akumbuke.

Stellamaris aliikaza kamba ya kwanza, akaenda kuikaza ya pili. Klabu ilizinunua pamoja, aina moja, urefu mmoja. Moja ilikuwa bado mpya kabatini. Ya pili ndiyo iliyomwangusha Castory. Wanachama wote walimweleza jambo moja bila kupishana: miezi kadhaa nyuma Castory aliikata ncha moja iliyochakaa, mbele ya macho yao, kipande kifupi tu. Wakaenda kuijaribu kwenye ukuta mkubwa, ikatosha na kubaki rundo dogo miguuni mwa mshikaji. Sasa Stellamaris alitazama pengo lililokuwa kati ya ncha ya kamba nzima na ncha ya kamba ya kifo. Halikuwa pengo la kipande kifupi. Kamba ilikatwa tena, na safari hii hakuna aliyesema.

Aliinama kuzichunguza ncha zenyewe. Kamba mpya ilikuwa na kijikaratasi cha kiwanda kila upande, kimebanwa ndani ya plastiki. Kamba ya kifo haikuwa nacho upande wowote. Ncha moja ilikatwa sawasawa, ikachomwa vizuri na kuzungushiwa utepe mweusi. Hiyo ilikuwa kazi ya Castory. Nyingine ilikatwa mshazari, kwa kugongwagongwa, ikachomwa na kitu kilichoacha punje za majivu ndani ya nyuzi zilizoyeyuka. Alizigusa punje zile kwa kucha. Hazikutoka kwenye kiberiti cha gesi.

Alimwita mkuu wake dirishani akamwonyesha. Afande Mashaka alitazama huku akitafuna mhogo wake wa kuchoma. Akasema, basi imekatwa, na aliyeikata ni yuleyule aliyetaka jamaa aanguke, kesi imezidi kunenepa.

"Niache niende Kisarawe," Stellamaris alisema.

"Nenda. Lakini niletee huo mkono ulioshika kisu kabla sijafunga ofisi. Na uwe na mwili wake, usiniletee maelezo ya karatasi. Bila hivyo, jalada linaondoka kama lilivyo."

Kwanza alipitia mahabusu. Shamsia aliletwa kwenye chumba kidogo cha mahojiano, nywele zimefunikwa kwa mtandio uliokwisha kupoteza rangi kwa kufuliwa na sabuni ya kipande. Alikuwa na ndala mpya miguuni. Baba yake alizileta siku ya kwanza, akazipitisha kwa askari wa zamu, na hajarudi tena. Tangu zamani alikuwa ameikataza klabu ile. Binti wa kwake kuvaa mikanda mapajani mbele ya wanaume kulimtosha kuona haya mtaani hata kabla ya msiba. Wenzake wa klabu hawakuruhusiwa kumwona kwa kuwa walikuwa mashahidi. Stellamaris aliuliza kama kuna mwingine aliyefika, akajibiwa kwa kutikisa kichwa. Alimwonea huruma, na hakuificha. Alimsogezea chupa yake mwenyewe ya maji.

"Mwisho wa kamba ulifunga fundo?"

"Hapana."

"Sheria yenu inasemaje?"

"Inasema ufunge. Fundo likiwepo, ncha haiwezi kupita kwenye breki." Alikunywa kidogo. "Ila kamba ile tuliizoea. Siku zote inabaki. Sikuangalia nyuma, nilikuwa namwangalia yeye."

"Na yale maneno kwamba utamwachia?"

"Niliyasema."

Shamsia alieleza kwa sauti ya chini kwamba Castory alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Mbeya. Wiki nzima alikuwa akihangaikia barua na mizigo bila kumwambia mtu, kisha akamwambia yeye pale machimboni, kofia ngumu akiwa tayari ameivaa, kama vile anamwambia mvua itanyesha. "Nilimwambia siku moja nitamwachia aanguke, naye ajue mtu anayeachwa anasikiaje. Halafu nikamshika kama kawaida. Afande, mimi nilimshika mpaka kamba ikaisha."

Aliulizwa kama aliwahi kuikata kamba, au kumwona mtu akiikata. Akasema hapana, na hata hivyo kamba haikai kwake. Mtunza vifaa ni Ashrafu.

Jina hilo lilikuwa limeshapigiwa mstari kwenye jalada. Ashrafu Mwinyi, fundi pikipiki wa Kisarawe, aliwahi kupeleka posa kwa kina Shamsia ikarudishwa. Katika maelezo yake alisema kamba haikuwahi kutoka kwenye stoo yake, isipokuwa kwenda machimboni na kurudi. Mtu mwenye donge moyoni, na kamba chini ya mkono wake: Stellamaris alishaona watu wakifungwa kwa machache zaidi ya hayo. Alizifunga kamba zote mbili kwenye mfuko, akachukua gari la ofisi na kushika barabara ya vumbi inayokatisha Kiluvya kwenda Kisarawe. Njia nzima hakuwasha redio. Alikuwa amezoea kuwa peke yake kiasi kwamba kelele ya mtangazaji ilikuwa kwake kama mgeni aliyekuja bila taarifa.

Alimkuta Ashrafu amekaa juu ya tairi, injini ya bodaboda imefumuliwa mbele yake. Stellamaris hakuuliza swali lolote. Alitoa kipande cha kamba ya nailoni alichokinunua njiani, akamwomba akikate na kukifunga ncha kama wanavyofanya klabuni. Ashrafu alimwangalia kwa mashaka, kisha akafanya. Alikipasha kisu moto kwa kiberiti cha gesi, akakata mara moja, akaiyeyusha ncha, akaiviringisha kwa kidole kilicholowa mate, akaimalizia kwa utepe. Ilikuwa safi na nadhifu.

"Wote mnafanya hivi?"

"Wote. Castory alikuwa hakuachii ukifanya vibaya. Anakirudisha, unaanza upya."

Ndipo Stellamaris alipomwonyesha picha kwenye simu, ile ncha ya mshazari yenye majivu. Fundi aliichukua simu kwa vidole viwili asiipake oili. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama picha, na bisibisi iliyokuwa pajani ikamwangukia miguuni asiiokote.

"Hii imechomwa kwa kaa la moto," alisema.

"Hata mimi naona hivyo. Shamsia anapelekwa gerezani leo kwa mauaji. Sasa niambie tena kwamba kamba haikutoka kwenye stoo yako."

Ashrafu aliinamisha kichwa. Alianza kueleza akiwa anaongea na injini, si na yeye. Ndama wa Mzee Kondo alikuwa ametumbukia kwenye shimo la machimbo. Klabu ilikuwa na kamba kuukuu kwa ajili ya kazi za namna hiyo, za visima na mashimo, lakini siku hiyo ilikuwa Mlandizi, wenzao wakivutia pampu iliyozama kisimani. Iliyokuwa karibu ni kamba ya kupandia tu, na sheria ya kwanza ya klabu ni kwamba kamba ya kupandia haifanyi kazi nyingine.

"Mzee mzima alikuwa analia, afande. Ningemwambia asubiri kamba ya Mlandizi?"

Walimtoa ndama mzima. Kamba ikatoka imejaa tope na kinyesi, imekwaruzwa na mawe. Stoo yake ina mafuta ya petroli, na petroli huila kamba kimyakimya, kwa hiyo hakuweza kuifua na kuianika hapo. Aliipeleka kwa Bi Mwanamkuu, bibi anayekaa jirani na machimbo, ambaye siku zote huwafulia na kuwaanikia vitu vyao. Ilikaa kwake siku kadhaa. Baada ya hapo walifundisha watoto wa shule kwenye ukuta mdogo tu, na kamba ilitosha. Ukuta mkubwa hawakuugusa mpaka siku ile ya Castory.

"Kwa nini ulidanganya?"

"Ningesema nini? Kwamba sheria niliyopewa kuilinda nimeivunja kwa ajili ya ndama?" Aliokota bisibisi, akaishika tu. "Sikujua kuhusu kukatwa. Naapa. Mpaka uliponionyesha hiyo picha." Kisha, Stellamaris alipokwisha kugeuka, akamwita kwa sauti iliyobadilika. "Afande. Yule bibi hana mtu. Mwangalie unavyomwambia."

Njia ya kwenda kwa Bi Mwanamkuu ilipita kando ya machimbo. Ofisi ya wilaya ilikuwa imeweka utepe mlangoni, na chini ya utepe huo watoto watatu wa shule walikuwa wamekaa juu ya mawe bila kucheza. Walimweleza kwamba huja kila wakipata nafasi, kuona kama klabu imefunguliwa, kisha hurudi nyumbani. Mmoja alisema juzi mbuzi aliingia kwenye shimo lilelile la ndama, akalia mpaka akaacha. Tawi lililovunjika, ambalo vijana wa kamba wangelipanda kulitoa, lilikuwa limening'inia juu ya bati la madrasa na ustadhi alikuwa amehamishia darasa barazani kwa jirani. Huko Kibaha, kwenye jalada, klabu ile ilikuwa ni kikundi cha watu wanaohatarisha maisha yao kwa kujifurahisha. Stellamaris alijiona mjinga kwa kuliamini jalada muda wote huo bila kuja kuuliza.

Nyumba ilikuwa ndani kabisa ya mikorosho, ya udongo na bati, uwanja umefagiwa na mistari ya fagio bado inaonekana. Hakuna alama ya mguu wa mtu mwingine juu ya mistari hiyo.

"Hodi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu." Bi Mwanamkuu alitoka na kanga mbili, moja kiunoni na moja begani, macho yake yakimtazama mgeni kwa njaa ya kuongea. Hakuuliza ametoka wapi. Kabla Stellamaris hajakaa vizuri aliletewa sinia lenye vikombe vingi, na bibi alipolitua alivitazama vikombe vile, akavirudisha ndani kimyakimya, vikabaki viwili.

Alipojua mgeni ni polisi, jambo la kwanza aliuliza kama Shamsia anakula huko ndani. La pili aliuliza kama kweli wanadhani binti yule anaweza kumwangusha mtu kusudi. Alisema wanawe wamehamia Dar zamani, wanapiga simu sikukuu, na hawa vijana wa kamba ndio waliokuwa wakimwamkia. Ndoo ikimponyoka kisimani walishuka kuitoa. Castory ndiye aliyezidi. Wengine walikuja Jumamosi na kelele zao, lakini yeye alikuja pia katikati ya wiki, peke yake, kunywa chai tu na kunyamaza. Hakuwa na ndugu upande huu, bibi alisema, na mtu asiye na ndugu humjua mwenzake.

Stellamaris aliomba maji ya kunawa uso. Bibi akataka kumletea, akakataa, akasema atachota mwenyewe. Wakaenda wote nyuma ya nyumba.

Kisima kilikuwa cha pete za saruji, kirefu, na kamba yake haikuwa ya katani wala ya mpira. Ilikuwa na rangi ya chungwa na nyuzi za buluu. Stellamaris aliitupa ndoo na kuanza kuvuta, mkono juu ya mkono, akiisoma kwa viganja. Kwanza kilikuja kipande kifupi chenye utepe mweusi. Kisha fundo la maungio. Baada ya fundo kikafuata kipande kirefu zaidi, ncha yake imekatwa mshazari na kuungua, na sehemu yake ya mwanzo ikiwa laini, haijachakaa. Aliendelea kuvuta. Ndoo ilipofika ukingoni aliona kwenye mpini, ndani ya plastiki iliyopata ukungu wa maji, kijikaratasi cha kiwanda.

Alinawa uso. Alinawa mara mbili ili apate muda.

"Kamba nzuri hii, bibi. Alikupa Castory?"

"Hiki kifupi ndiyo, alinipa alipoikata yao. Hiki kirefu nilijikatia." Alisema kwa fahari kidogo, kama mama anayesema shati la mtoto amelishona mwenyewe. "Yeye ndiye aliyenifundisha. Aliniambia, bibi, ukiona kamba imeota manyoya ujue imezeeka, hapo si pa kumtegemea mtu, panakatwa. Ile ya ndama ilipoletwa niliifua, nikaiona ncha ina manyoya. Nikasema hawa wanangu wasije wakaumia. Nikaiweka juu ya gogo nikaikata kwa panga, nikaichoma kwa kaa nililokuwa napikia. Kama nilivyowaona wao."

"Manyoya yalifika wapi?"

Bibi aliishika kamba, akaipapasa kwa vidole kuanzia kwenye mpini wa ndoo, polepole, macho yakiwa mbali. Alisimama kabla ya kufika nusu.

"Hapa."

"Na kutoka hapa mpaka kwenye fundo?"

Kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya. "Maji yalikuwa yameshuka, mwanangu. Kile kifupi kilikuwa hakifiki. Nikaona na hiki kitanifaa, nikasogeza panga mbele kidogo. Hiyo sehemu ni tamaa yangu."

"Uliwaambia?"

"Nilimwekea Castory. Nilitaka aione mwenyewe akija kunywa chai, acheke kwamba bibi naye amekuwa mwanachama. Wiki ile hakuja. Nikasubiri."

Stellamaris alijua kwa nini hakuja wiki ile. Castory alikuwa Kibaha akifuatilia barua ya uhamisho. Yote aliyoyatafuta alikuwa ameyapata, yamekaa mbele yake yakiwa na kanga mbili, na hakuna sehemu ya mwili wake iliyofurahi. Angeweza kuandika maelezo, akamwomba bibi aweke dole gumba, akaondoka bila kueleza yanahusu nini. Alilifikiria hilo kwa dhati. Lakini Afande Mashaka alitaka mtu, hakutaka karatasi. Na bibi wa watu hawezi kupakiwa gari la polisi akidhani anakwenda kumtembelea mgonjwa. Ilibidi aambiwe, na aliyekuwepo wa kumwambia ni yeye.

"Bibi, Shamsia hakumwachia," alisema. "Kamba ndiyo iliyokuwa fupi. Iliisha mkononi mwake."

"Fupi?"

Bi Mwanamkuu alimtazama, kisha akaitazama kamba iliyokuwa mikononi mwake, kuanzia pale manyoya yalipoishia mpaka kwenye fundo. Alikaa kwenye ukingo wa kisima. Hakulia. Mkono mmoja ulishikilia saruji kwa nguvu. Stellamaris alichuchumaa mbele yake. Alitamani kusema kwamba haikuwa kosa lake, akashindwa, kwa sababu neno hilo halikuwa la polisi kulitoa, na hata yeye hakuwa na hakika nalo.

"Hiki hapa?" bibi aliuliza hatimaye.

"Hicho."

Alikifungua mwenyewe kwenye ndoo, kisha kwenye maungio. Fundo lilikuwa limelowa na kukazana, akalihangaikia kwa kucha na meno, na kila Stellamaris aliponyoosha mkono kumsaidia alisukumwa. Lilipofunguka alikikunja kipande kile kwa mizunguko sawasawa, kama vijana walivyomwonyesha, akakiweka mapajani mwa polisi pamoja na kile kifupi. Aliingia ndani, akatoka na kanga nyingine safi, akafunga mlango kwa komeo.

"Twende kwa huyo binti," alisema. "Nataka anione."

Walipofika Kibaha, Afande Mashaka alikuwa ameshavaa koti na jalada liko mezani. Stellamaris alimwagia ushahidi mmoja baada ya mwingine. Ncha ya mshazari ya kamba ya kifo aliigusanisha na ncha ya mshazari ya kipande cha kisimani, zikakutana bila kuacha mwanga katikati. Kijikaratasi cha kiwanda kililingana na kile cha kamba mpya. Vipande vyote viwili vilipoungwa na kamba ya kifo, zikalala sawa na kamba mpya tangu tenki la maji mpaka getini. Baada ya hapo alimwingiza bibi, naye akasema yote upya, na sehemu ya tamaa yake pia, ingawa hakuna aliyemuuliza. Afande alivua koti. Alimwuliza maswali machache kwa sauti ambayo Stellamaris hakujua kama anayo, kisha akaandika juu ya jalada kwamba hakuna mauaji.

Mambo ya fundo lisilofungwa na kamba iliyotoka stoo yangetafutiwa siku yake. Bibi angeitwa tena, lakini asingelala ndani. Shamsia atoke kwa dhamana yake mwenyewe, jioni hiyohiyo. Kwa ofisi ile, lilikuwa jambo la heri, na Afande alisema hivyo, akaongeza kwamba Inspekta anaweza sasa kwenda kupumzika. Hakuna aliyempa mkono.

Bi Mwanamkuu aliombwa akae kwenye benchi la koridoni. Hakukaa. Alisimama kando ya ukuta, kanga ameitengeneza kichwani, akitazama mlango wa mahabusu.

Kule ndani Stellamaris alikuwa akimweleza Shamsia. Alimweleza kwa utaratibu, ndama, tope, manyoya, panga, kaa. Shamsia alisikiliza huku akiweka sahihi, akarudishiwa simu isiyo na chaji na mkanda wake wa kupandia. Mkanda aliuacha mezani. Aliuliza swali moja tu, kama bibi alijua kuwa wataupanda ukuta mkubwa. Akaambiwa hapana. Aliuliza tena, kana kwamba hakusikia, akaambiwa hapana.

Mlango ukafunguliwa. Shamsia alitoka na ndala zake mpya, mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi. Bi Mwanamkuu alisogea katikati ya koridoni. Hakuwa amejiandaa kwa maneno marefu. Yale yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamemtoka. Alisimama tu, kichwa amekiinamisha kidogo upande mmoja, jinsi mtu mzima anavyosimama akimsubiri mtoto amwamkie, ili mengine yapate pa kuanzia.

Tangu alipoanza kutembea Shamsia hakuwahi kumpita mtu mzima bila kumwamkia, awe anamjua au hamjui. Alifika mbele ya bibi, akamtazama usoni kwa muda wa kutosha kufungua mdomo. Kisha akapita.

"Marahaba, mwanangu," Bi Mwanamkuu alisema.

Ndala zilisikika zikishuka ngazi, zikavuka uwanja wa changarawe hadi getini, ambako hakuna aliyekuja kumpokea. Stellamaris alikuwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi, hajui aende upande upi.

"Marahaba," bibi alisema tena, kwa sauti ndogo zaidi, na koridoni kulikuwa hakuna mtu.